Pia ya goti inayotoka mara kwa mara: kuunda ligamenti, kuhamisha kinundu au kuchimba mfereji?

Mtu ambaye pia ya goti lake imetoka mara mbili au tatu huwa ameshasikia majina ya upasuaji kabla hajaonana na bingwa wa mifupa. Mmoja kamwambia kuna ligamenti inayoundwa upya na mtu anarudi uwanjani. Mwingine kasema kuna kukata mfupa na kuufunga kwa skrubu. Wa tatu kasoma kwamba siku hizi wanachimba mfereji wa mfupa wa paja, na ndio upasuaji wa kisasa zaidi. Kisha anauliza: upi bora?

Swali hilo halijibiki mpaka goti lipimwe. Aina hizi tatu hazishindani. Kila moja inatibu kasoro yake, na ukitibiwa kasoro usiyo nayo, pia itaendelea kutoka au goti litauma kuliko mwanzo. Tunazilinganisha hapa kwa vipimo, kwa hatua za upasuaji wenyewe, na kwa yale yanayoharibika, ili unapokaa mbele ya daktari ujue anazungumzia nini na umuulize nini. (Pia ya goti wengine huiita kilegesambwa. Ni mfupa uleule.)

Kinachoizuia pia isitoke

Goti likinyooka kabisa, pia inakaa juu ya mfereji, yaani ule mwanya wa mbele ya mfupa wa paja ambamo pia huteleza, bado haijaingia ndani yake. Katika nyuzi 0 hadi 30 za kukunja, kinachoizuia isikimbilie upande wa nje ni hasa ligamenti inayotoka ukingo wa ndani wa pia hadi upande wa ndani wa mfupa wa paja. Madaktari huiandika MPFL. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba ligamenti hii peke yake inabeba nusu hadi asilimia 60 ya kazi hiyo. Ukikunja zaidi, pia inazama kwenye mfereji na ukuta wa nje wa mfereji unachukua zamu.

Jambo la tatu ni mvuto. Msuli wa mbele wa paja unavuta pia kwenda juu, na kano iliyo chini ya pia inaivuta kuelekea kinundu cha muundi, kile unachokigusa vidole vichache chini ya goti. Kinundu kikikaa upande wa nje kupita kiasi, kila unapokaza msuli unakuwa unaivuta pia itoke.

Pia ikitoka mara ya kwanza, MPFL huchanika karibu kila mara. Kwa hiyo MRI ikionyesha ligamenti imechanika, imekuonyesha matokeo tu. Sababu ya pia kutoka inaweza kuwa kwenye mfupa, na picha hiyohiyo ikisomwa kwa haraka sababu hiyo inapitwa.

Kabla ya kisu: nani asubiri

Pia iliyotoka mara ya kwanza, kwa kawaida haipasuliwi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia wagonjwa kwa miaka 2 hadi 5. Kati ya waliotoka pia kwa mara ya kwanza, asilimia 17 ilitoka tena. Kati ya waliokwisha kutoka hapo kabla, ilikuwa asilimia 49. Ndiyo maana mara ya pili hubadilisha mazungumzo: kuanzia hapo, kurudia kunakaribia nusu kwa nusu.

Mazoezi tiba ya maana huchukua miezi mitatu hivi. Ni kuimarisha msuli wa mbele wa paja na misuli ya nyonga inayozuia goti kuangukia ndani, kisha mafunzo ya kushuka ngazi, kuruka na kutua. Kufungwa bandeji gumu kwa wiki sita kunadhoofisha msuli ambao ndio tegemeo lako. Bresi ya muda mfupi na kuanza kutembea mapema ni bora.

Yupo asiyesubiri hata kama ni mara ya kwanza: yule ambaye pia iliporudi ilimega kipande cha mfupa chenye gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo), kikabaki kinaelea ndani ya goti. Dalili zake ni goti kuvimba sana ndani ya saa chache na kukwama, na daktari akilifyonza hutoa damu yenye matone ya mafuta. Kipande kikubwa hurudishwa na kufungwa ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi, kabla hakijafura na kupoteza umbo.

Jambo moja liwekwe wazi hapa kwa sababu bado linatolewa kama chaguo: *kushona* ligamenti iliyochanika si sawa na *kuiunda upya* kwa kipandikizi, yaani kano iliyochukuliwa kwingine mwilini. Nchini Ufini, watoto walio chini ya miaka 16 waligawanywa kwa kura, wengine wakashonwa na wengine wakapewa mazoezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, baada ya kuwafuatilia kwa takriban miaka 14: pia ilitoka tena kwa asilimia 67 ya walioshonwa na asilimia 71 ya wasiopasuliwa. Tofauti ni ndogo mno kumpasua mtoto kwa ajili yake. Ukiambiwa "tutashona ligamenti" wakati pia imeshatoka mara nne, uliza kwa nini si kipandikizi.

Vipimo vinavyoamua

Mpangilio wa kufikiri unaotumika hadi leo ulitoka Lyon, Ufaransa, kwa Henri Dejour na wenzake, katika makala yao ya mwaka 1994. Walitaja kasoro nne: mfereji ulio bapa, pia iliyokaa juu mno, kinundu kilichokaa nje mno, na pia iliyoinama upande. Kabla ya kukubali upasuaji wowote, hakikisha namba hizi zimeandikwa kwenye faili lako.

*Urefu wa pia.* Unapimwa kwa eksirei ya ubavuni, goti likiwa limekunjwa kidogo. Kwa kipimo cha Caton-Deschamps, chukua umbali kutoka ncha ya chini ya uso wa gegedu la pia hadi ukingo wa mbele wa sakafu ya muundi, ugawanye kwa urefu wa uso huo wa gegedu. Hadi 1.2 ni kawaida. Zaidi ya 1.2, pia iko juu na inachelewa kuingia kwenye mfereji.

*Nafasi ya kinundu.* Huitwa TT-TG. Ni umbali wa kulala, kwa milimita, kati ya kina cha mfereji na kinundu, unaopimwa kwa picha ya CT. Kwa watu wengi ni karibu milimita 12. Kati ya 15 na 20 ni eneo la kujadiliana, na kuanzia 20 ni kasoro. Kwa MRI namba hutoka ndogo kwa milimita kadhaa kuliko CT, kwa sababu goti hulala limekunjwa kidogo. Basi 18 ya MRI haimaanishi 18 ya CT, na mwenye kukusomea namba bila kusema imetoka mashine ipi hajakusomea kitu.

*Umbo la mfereji.* Hapa eksirei ya ubavuni lazima iwe ya kweli, yaani vifundo viwili vya nyuma vya mfupa wa paja vionekane vimelaliana kama kimoja. Picha iliyopinda kidogo tu haifai. Bahati nzuri ni kwamba picha hii haihitaji mashine ya gharama, inahitaji fundi wa eksirei anayerudia mpaka ipatikane. Mfereji hupangwa katika aina A hadi D. A ni bapa kiasi. B na D zina tuta la mfupa juu ya mlango wa mfereji ambalo pia inalipanda kama gari linavyopanda tuta la barabarani. Tuta hilo likizidi milimita 5, linaingia kwenye mazungumzo ya upasuaji.

*Mengineyo:* je, magoti yamegongana kwa ndani? Je, mfupa wa paja umejisokota kwa ndani zaidi ya nyuzi 25 hadi 30? Je, viungo vyote vya mwili vinalegea, vidole vinapinda kugusa mkono? Na ukinyoosha goti taratibu ukiwa umeketi, pia inaruka ghafla kwenda nje mwishoni? Mruko huo mkubwa ni ushahidi kwamba tatizo lina mfupa ndani yake.

Kuunda upya ligamenti ya ndani

Huu ndio upasuaji unaofanywa zaidi, na kwa wagonjwa wengi ndio msingi hata pale ambapo kitu kingine kinaongezwa. Unafaa peke yake kama TT-TG iko chini ya 20, Caton-Deschamps haijazidi 1.2 au imezidi kidogo tu, na mfereji ni wa kawaida au aina A.

Kano huchukuliwa kutoka upande wa ndani wa paja la mgonjwa mwenyewe, kwa kawaida kano nyembamba ya grasilisi, kupitia mkato mdogo chini ya goti upande wa ndani. Urefu wa sentimita 18 hadi 20 unatosha kuikunja mara mbili. Upande wa pia, kano inafungwa kwenye nusu ya juu ya ukingo wa ndani, ama kwa nanga ndogo mbili zenye uzi, ama kupitia matundu. Kisha inapitishwa kati ya tabaka za nyama, nje ya utando wa goti, mpaka kwenye mfupa wa paja, inaingizwa kwenye tundu na kubanwa kwa skrubu.

Yote hayo ni rahisi kuyaeleza. Ugumu uko kwenye tundu la mfupa wa paja. Mahali pake ni katika bonde dogo kati ya vinundu viwili vya upande wa ndani, na nyama ikiwa nene vidole hudanganya. Mwaka 2007 Schöttle na wenzake walionyesha namna ya kulipata kwa eksirei ya ubavuni: milimita 1 mbele ya mstari unaoendeleza ukuta wa nyuma wa mfupa, milimita 2.5 chini ya pale kifundo cha nyuma kinapoanza kuchomoza. Kwa hiyo chumba cha upasuaji kinahitaji mashine ya eksirei yenye mkono wa duara, ile inayoitwa C-arm. Daktari akikuambia huwa anapapasa tu, tafuta maoni ya daktari mwingine.

Kwa nini milimita chache zina uzito huo? Tundu likiwa juu mno, kipandikizi kinakaza kila goti linapokunjwa. Mgonjwa hawezi kupita nyuzi 90, na gegedu la ndani la pia linasagwa siku baada ya siku. Likiwa chini mno, kinakaza goti linaponyooka na kulegea linapokunjwa. Ligamenti ya asili hukatika kwa nguvu ya nyutoni 208 hivi. Kano ya grasilisi inazidi hapo kwa mbali. Ligamenti dhaifu ingelegea na kusamehe kosa la kuwekwa vibaya. Kipandikizi hakilegei, kinachoumia ni gegedu. Daktari makini huweka kwanza pini mahali pa tundu, anazungusha kano, anakunja na kunyoosha goti mara kadhaa. Kano ikikaza katika kukunja, pini inahamishwa kabla ya kutoboa.

Kosa la pili ni kukaza. Kipandikizi hiki hakikazwi kama cha ligamenti ya katikati ya goti. Kazi yake ni kama ya kamba ya mbuzi: inazuia asivuke mpaka, haimburuti. Goti hukunjwa nyuzi 30 hivi, ukingo wa nje wa pia unalinganishwa na ukingo wa mfereji, kisha skrubu inafungwa. Baada ya hapo pia isukumwe kwa kidole. Lazima bado isogee kidogo kwenda nje na kukoma. Katika maabara nyutoni 2 tu za mkazo zilitosha, na kuzidisha kulipandisha shinikizo upande wa ndani.

La tatu ni pia yenyewe kuvunjika. Hutokea hasa palipotobolewa matundu mapana yaliyoivuka pia kutoka ukingo hadi ukingo, mgonjwa akajikwaa katika miezi ya mwanzo. Nanga ndogo au matundu mafupi yasiyogusa uso wa mbele hupunguza hatari hiyo.

Mapitio ya mwaka 2012 yaliyokusanya tafiti 25 na magoti 629 yalihesabu matatizo 164, sawa na asilimia 26.1. Ndani yake kuna makubwa na madogo: goti kukosa kukunjika vizuri, maumivu, jeraha, pia kuvunjika, hofu ya kutoka kubaki. Namba hiyo haipaswi kumtisha mtu mwenye pia inayotoka kila mwezi, ila inamwonyesha kwamba "upasuaji mdogo wa ligamenti" si mdogo.

Kuhamisha kinundu cha muundi

Hapa mfupa unakatwa. Kipande chenye kinundu, urefu wa sentimita 5 hadi 8 na unene wa karibu sentimita 1 upande wa juu, kinatengwa kwa msumeno, kinasogezwa, kisha kinafungwa kwa skrubu mbili za milimita 4.5 zinazoshika hadi ukuta wa nyuma wa muundi. Mishipa mikubwa ya damu iko nyuma ya ukuta huo, hivyo kutoboa hufanywa goti likiwa limekunjwa na mkono ukiwa mwepesi.

Kinundu husogezwa kwa namna tatu, na ni vizuri kujua yako ni ipi.

Kusogeza ndani tu hutibu TT-TG iliyozidi 20. Lengo ni kubaki na milimita 10 hadi 15. Mwenye 22 anahitaji kusogezwa milimita 9 hivi, si 15. Ukivuka na kushuka chini ya 10, mzigo unahamia upande wa ndani wa pia na wa goti zima, na kosa hilo ni gumu kulirudisha kuliko lile la mwanzo.

Kusogeza ndani na mbele kwa mkato wa mshazari kulielezwa na John Fulkerson mwaka 1983. Kunainua pia na kupunguza shinikizo kwenye gegedu lililochakaa. Kunasaidia kama uchakavu uko chini au upande wa nje wa pia. Kama uko juu au ndani, mzigo unapelekwa palepale palipochakaa, basi maumivu yanaongezeka. Uliza MRI imeonyesha uchakavu uko wapi.

Kushusha chini hutibu pia iliyo juu. Hesabu ni nyepesi: uso wa gegedu la pia ukiwa milimita 30 na kipimo ni 1.4, umbali ni milimita 42, ukitaka 1.1 unahitaji 33, kwa hiyo kinundu kinashushwa milimita 9. Lakini kushusha kunakata kabisa mshiko wa chini wa kipande, na hapo mfupa huchelewa kuunga, au hauungi kabisa, mara nyingi zaidi kuliko katika kusogeza ndani peke yake. Mvutaji sigara aache wiki kadhaa kabla, na asirudie mpaka mfupa uunge.

Mtindo wa Hauser wa mwaka 1938 uliachwa, na sababu yake inafundisha. Muundi una umbo la pembetatu, kwa hiyo kinundu kilichopelekwa ndani sana kilirudi nyuma vilevile, pia ikakandamizwa kwenye mfereji na gegedu likasagika. Pia haikutoka tena, lakini goti lilizeeka kabla ya mwenyewe.

Ukikatwa kinundu, tarajia mambo mawili. Kwanza, muundi unaweza kuvunjika kwenye mkato ukikanyaga mzigo wote mapema. Magongo si mapambo. Pili, vichwa vya skrubu viko chini ya ngozi tu. Wengi huwasumbua wanapopiga magoti, na baadaye hurudi kuzitoa mfupa ukishaunga. Gharama hiyo ya pili iingize kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuchimba mfereji

Trokleoplasti inabadilisha umbo la mfupa wa paja wenyewe. Gegedu linainuliwa pamoja na ganda jembamba la mfupa, mfupa ulio chini yake unachongwa kwa kekee mpaka mfereji upatikane, kisha ganda linalazwa humo na kushikizwa. Mtindo wa Lyon huinua ganda nene la takriban milimita 5. Ule wa Bereiter huinua jembamba la milimita 2 hadi 3 linalopindika kwa urahisi, likafungwa kwa utepe unaoyeyuka mwilini.

Wanaoufaa ni wachache: mfereji wa aina B au D wenye tuta la zaidi ya milimita 5, mruko mkubwa wa pia goti linaponyooka, au aliyekwisha kuundiwa ligamenti na pia bado inatoka. Gegedu liwe bado zima, kwani lililokwisha kuchakaa halikubali kuinuliwa. Umri wa kukua uwe umepita. Na karibu kila mara ligamenti huundwa siku hiyohiyo.

Tatizo lake kubwa ni goti kukakamaa. Ndiyo maana kukunja huanza siku za mwanzo kabisa, na baadhi ya wagonjwa hurudishwa kwenye dawa ya usingizi ili goti likunjwe au makovu yakatwe. Mahali ambapo hakuna mtaalamu wa mazoezi tiba anayekufikia mara mbili au tatu kwa wiki, upasuaji huu usifanywe. Na tungeuliza bila haya: daktari, umefanya mingapi kwa mwaka? Ukiambiwa huu ni wa kwanza, kuomba rufaa si kumvunjia heshima.

Kulegeza upande wa nje

Kukata utando wa nje wa pia peke yake, kwa kamera, kuliwahi kuwa upasuaji wa kawaida kwa sababu ni mfupi na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa pia inayotoka, haufai peke yake. Utando huo nao husaidia kuituliza pia, na ukikatwa kupita kiasi pia huanza kuhama kwenda ndani, tatizo ambalo limetengenezwa na kisu. Kama utando umekaza kweli, hurefushwa kwa kiasi pamoja na upasuaji mwingine.

Mtoto anayekua

Gegedu la ukuaji likiwa wazi, kinundu hakikatwi wala mfereji hauchimbwi. Gegedu la kinundu likijeruhiwa mbele huku nyuma likiendelea kukua, goti hupinda kinyumenyume. Ligamenti inaweza kuundwa, ila tundu la mfupa wa paja liwekwe chini ya mstari wa ukuaji na lielekezwe mbali nao chini ya eksirei. Magoti yaliyogongana yanaweza kunyooshwa kwa bamba dogo lenye skrubu mbili linalozuia ukuaji wa upande mmoja, mradi umebaki angalau mwaka mmoja wa kukua. Kwa wasichana mlango huo hufungwa karibu na miaka 14, kwa wavulana karibu na 16. Mzazi anayesubiri "akue kwanza" anaweza kuukosa.

Kupona, kwa kulinganisha

Muda huu ni wa kawaida. Daktari wako anaweza kuubadilisha kulingana na alichokikuta ndani.

| | Ligamenti peke yake | Kinundu | Mfereji |
|---|---|---|---|
| Kukanyaga | Mapema, bresi imefungwa goti likiwa limenyooka | Nusu mzigo kwa magongo, wiki 6 hivi | Hutofautiana. Mara nyingi wiki 2 hadi 6 za magongo |
| Kukunja nyuzi 90 | Kufikia wiki 6 | Kufikia wiki 6 | Kufikia wiki 6, kwa juhudi zaidi |
| Kukimbia | Miezi 3 hadi 4 | Miezi 4 hadi 6, eksirei ikionyesha mfupa umeunga | Miezi 5 hadi 6 |
| Mpira na michezo ya kugeuka | Miezi 6 hadi 9 | Miezi 6 hadi 9 au zaidi | Miezi 9 hadi 12 |
| La kuhofia zaidi | Tundu kuwekwa vibaya | Mfupa kutounga au kuvunjika | Goti kukakamaa |

Kalenda peke yake haimrudishi mtu uwanjani. Mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake, na uruke kwa mguu mmoja bila goti kuangukia ndani.

Namba zikikaa pamoja

Msichana wa miaka 19 ana TT-TG 14, urefu wa pia 1.1, mfereji aina A, pia imetoka mara tatu. Ligamenti peke yake. Kumkata kinundu ni kumwongezea wiki sita za magongo bila faida.

Mwingine ana TT-TG 23, urefu 1.15, mfereji aina A. Kinundu kisogezwe ndani, na ligamenti iundwe siku ileile. Katika upasuaji wa pamoja kinundu hufungwa kwanza na ligamenti hukazwa mwisho, maana mkazo wake hubadilika pia ikipewa njia mpya.

Wa tatu ana urefu 1.4 na TT-TG 15. Huyu hushushwa kinundu bila kusogezwa sana ndani, pamoja na ligamenti. Ukimwundia ligamenti tu, pia itaendelea kuelea juu ya mfereji na kipandikizi kitabeba kazi isiyo yake.

Penye mabishano ya kweli kati ya mabingwa ni mtu mwenye mfereji aina B, tuta la milimita 5 au 6, na TT-TG 18. Wapo wanaomwundia ligamenti na kusubiri, wapo wanaochimba. Maoni yetu: kama hana mruko mkubwa na hajawahi kupasuliwa, aanze na ligamenti iliyowekwa sawasawa. Kuchimba kunaweza kufuata baadaye. Gegedu lililoinuliwa halirudi lilivyokuwa.

Na mwenye mfupa wa paja uliojisokota kupita kiasi, au magoti yaliyogongana sana akiwa mtu mzima, hatibiwi na chochote kati ya hivi vitatu peke yake. Mfupa wa paja wenyewe hukatwa na kunyooshwa.

Siku ya kuamua

Kama una selimundu au hujawahi kupimwa, sema kabla ya siku ya upasuaji. Upasuaji huu kwa kawaida hufanywa paja likiwa limefungwa mkanda wa kubana damu, na kwa mwenye selimundu mkanda huo unahitaji mpango wake au kuachwa kabisa.

Mweleze daktari maisha yako yanavyotaka goti lifanye. Choo cha kuchuchumaa, kusujudu, kupiga magoti kanisani, kukaa mkekani: yote yanataka kukunja kwa kina, zaidi sana ya nyuzi 90 ambazo vitabu vya mazoezi huziweka kama lengo la wiki sita. Panga kiti cha choo cha muda kwa miezi mitatu ya kwanza. Kama unaishi ghorofani au unategemea bodaboda kwenda kazini, wiki sita za magongo zinaweza kubadilisha mwezi wa kufanyiwa upasuaji, hata kama hazibadilishi aina yake.

Ukitoka hospitali, omba nakala ya picha ya eksirei iliyopigwa ndani ya chumba cha upasuaji ikionyesha tundu la mfupa wa paja, pamoja na maelezo yaliyoandikwa: kano gani ilitumika, kinundu kimesogezwa milimita ngapi, skrubu za ukubwa gani. Ihifadhi pamoja na picha za kabla. Goti likigoma kukunjika au pia ikitoka tena miaka mitano baadaye, picha hiyo ndiyo bingwa mwingine atakayoitaka kwanza.